Kitenge Hajarudisha

Jumapili, 13 Julai

Naanza daftari hili leo na naahidi kuandika yote, hata yasiyonipendeza. Mwalimu wetu wa Baiolojia anasema mtu anayetaka kulijua jambo aandike kwanza alichokiona, kisha ndipo aandike anachofikiri, na asivichanganye. Daftari lina kurasa themanini. Sitamwonyesha mtu.

Nilichokiona. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilifungua banda kama kila siku. Baridi kali, upepo na vumbi la malori yanayongoja kuvuka mpaka. Jogoo alitoka. Matetea wanne wa Mama walitoka. Kitenge hakutoka. Alikuwa kwenye kona, amevimbisha manyoya kama mtu aliyejifunika blanketi. Nilimwaga pumba. Akaja polepole, akadonoa mara mbili, akaacha. Macho nusu yamefumba.

Ninachofikiri. Baridi.

Kitenge ni kuku wangu. Bibi yangu wa Itumba, mama yake Mama, alinipa Januari nilipoanza kidato cha kwanza, akiwa bado mdogo. Nikamwita Kitenge kwa sababu ya manyoya yake: kahawia, meusi na meupe, hakuna mahali panapofanana. Lakini bado hajawa wangu kabisa. Kwa Bibi kuku wa kupewa hachinjwi wala hauzwi kabla hajarudisha. Kurudisha ni hivi: akitotoa mara ya kwanza, tetea mmoja kati ya vifaranga wake anakuzwa na kupelekwa kwa yule aliyetoa. Hapo ndipo kuku anakuwa wako. Kabla ya hapo ni kama umeazima. Bibi mwenyewe alipewa hivyo na mama mkwe wake, akarudisha. Mama alipewa hivyo, akarudisha. Sasa ni zamu yangu, na Bibi aliniambia nimletee tetea wake Desemba.

Kitenge ameanza kutaga mwezi huu. Mayai saba. Nimeyapanga kwenye kikapu chenye pumba za mpunga chini ya kitanda changu, ncha ikitazama chini. Nilikuwa nangoja tu alalie.

Alhamisi alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anacheza uani.

Jumatatu, 14 Julai

Vilevile. Hakutaga. Kinyesi kidogo sana, majimaji, kijani kidogo. Alikwenda kwenye maji, akanywa, akatikisa kichwa.

Mama anasema ni mdondo. Nilipokuwa darasa la nne mdondo uliingia uani kwetu na tulizika kuku kumi na mmoja ndani ya siku nne.

Mama ni mwepesi wa dawa. Alisaga pilipili kichaa, akachanganya na majivu na maji, akamnywesha. Jioni akafungua kidonge cha rangi mbili kilichobaki alipoumwa kifua, akamimina unga wake kwenye ugali, akamlisha. Sikupinga. Sikujua kama inafaa kupinga.

Nimemtenga. Yuko kwenye tenga jikoni, nimetandika gunia. Ananitazama kwa jicho moja.

Jumanne, 15 Julai

Nilimuuliza Mwalimu wakati wa mapumziko. Alinitajia dalili za mdondo nami nikaziandika kiganjani kwa kalamu: kukohoa na kukoroma, shingo kupinda, mabawa na miguu kupooza, na zaidi ya yote kuku wengi kuugua kwa pamoja.

Niliporudi nyumbani nililinganisha. Kitenge hakohoi. Shingo imenyooka. Anasimama kwa miguu yake. Wenzake wote wazima, jogoo anapigana na kivuli chake. Na Mei wote walipata matone ya chanjo jichoni, nilishika mimi mwenyewe. Kinyesi cha kijani tu ndicho kinachofanana.

Kwa hiyo nafikiri si mdondo. Nilimwambia Mama. Akasema, "Basi ni mdondo wa kimyakimya."

Kuna jambo jingine. Mwalimu aliniuliza, "Umemshika?" Nikasema ndiyo, nilimbeba mpaka kwenye tenga. Akasema, "Kumbeba na kumshika ni vitu viwili." Kengele ikalia. Sikuelewa alichotaka.

Jumatano, 16 Julai

Amekonda. Niliamua apate nguvu. Baada ya shule nilimpakata, nikamfungua mdomo na kumsukumia mahindi, punje moja moja, mpaka ishirini. Alimeza kwa shida, akinyoosha shingo na kuipindisha kama anayevaa sweta dogo. Nilijiona kama nesi. Nilimsifu.

Naandika kwa ajili ya kumbukumbu: punje ishirini.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya.

Shangazi anakuja Jumamosi. Ni dada yake Baba, ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na hajala kwetu tangu Pasaka. Baba yuko safarini na lori, hivyo Mama ndiye atakayempokea peke yake. Mama amesema Kitenge achinjwe.

Nikasema hajarudisha.

Mama alikuwa anapepeta mahindi. Kazi yake ni hiyo. Anapokea mahindi ya watu wa Itaka na Hasamba, anafungua viroba, anapepeta, anachagua, anashona upya, wanunuzi wanakuja kuchukua. Hakuacha kupepeta. Akasema, "Tuse mwanangu, akifa mwenyewe anakwenda shimoni. Akichinjwa ni mboga. Bibi yako ni mfugaji, ataelewa. Sheria ya kurudisha ni ya kuku mzima."

Sijui kama ni kweli kwamba ni ya kuku mzima tu. Bibi hakuniambia sehemu hiyo.

Nilimchukia Mama kwa muda wa kuosha vyombo. Vyombo vilipokwisha na chuki ikaisha. Kilichobaki ni huzuni tu, na hiyo haina mtu wa kumwekea.

Ijumaa, 18 Julai

Leo hakula kabisa. Nimesali. Nimefeli jaribio la Jiografia. Mayai bado saba.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika mengi leo.

Uani kwetu kuku hachinjwi na mtu mwingine isipokuwa Baba Swaumu. Ni jirani yetu, Mwislamu, mtu wa Kondoa. Alikuja Tunduma na malori, akabaki kushona maturubai yao. Sisi ni watu wa kanisani, lakini Mama huwa anamwita yeye siku zote, ili mgeni yeyote atakayetokea ale bila kuuliza. Wapangaji wote hapa hufanya hivyo. Kisu chake anakitunza amekivingirisha kwenye kipande cha turubai.

Alikuja saa tatu asubuhi. Nilimtoa Kitenge kwenye tenga na kumpa mikononi.

Baba Swaumu akamwangalia, akamwangalia Mama.

"Mama Tuse, huyu nimchinje au nimpeleke hospitali?"

"Anakufa huyo, Baba Swaumu. Wahi."

"Anakufa na nini?"

"Mdondo."

"Mdondo gani wa kuku mmoja? Wenzake hawa hapa wananikanyaga miguu."

Alikuwa ameshamlaza. Mkono wake ulimpapasa kutoka shingoni kwenda kifuani, kutafuta mahali pa kushika, na ukasimama. Akapapasa tena. Akaweka kisu juu ya ndoo.

"Amekula nini leo?"

Nikasema hajala chochote tangu juzi.

"Basi hapa pangekuwa patupu. Lete kidole."

Akachukua kidole changu na kukiweka kwenye gole, ule mfuko ulio kifuani chini ya shingo, chakula kinapokaa kabla ya kushuka tumboni. Lilikuwa limejaa, gumu, kubwa kama ngumi ya mtoto. Nilibonyeza. Halikuwa kama mfuko wa punje. Lilikuwa limeshikana.

"Kama turubai lililokunjwa," alisema Baba Swaumu. "Humu kuna kitu kimeziba. Hafi kwa ugonjwa huyu, anakufa kwa njaa na kifua kimejaa."

Siku sita nimemtazama. Siku sita nimeandika. Sikumshika hata mara moja. Sasa nimemwelewa Mwalimu.

Mama akasema basi achinjwe tu, nyama haina neno. Baba Swaumu akavingirisha kisu chake. "Umempa pilipili, umempa majivu, umempa dawa ya kifua chako. Mimi nachinja cha kuliwa, Mama Tuse. Huyu nani atamla?"

Hapo Shangazi alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na mfuko mkononi, amesikia yote. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Nimevuka mpaka kuja kula kuku, nakuta kuku amelazwa wodini!" Mama aliona aibu, akaanza kusema atamkamata jogoo. Shangazi akasema "awe, awe", ndiyo hapana yao ya Kibemba, akatoa kapenta kwenye mfuko. Tukala kapenta na ugali, dagaa wale wakavu wa kwao. Hakuna aliyelalamika. Jogoo aliwika muda wote tulipokuwa tunakula.

Baada ya kula Baba Swaumu alinionyesha. Mafuta ya alizeti kidogo, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, yasije yakaingia kwenye njia ya hewa. Kisha kukanda gole kwa vidole viwili, taratibu, kwa duara. Asipewe punje wala majani. Maji tu. Na kesho asubuhi nishike kabla ya kitu chochote, kwa sababu gole la kuku mzima huamka likiwa tupu.

Nimekanda mara nne. Alipokuwa ananifundisha, Baba Swaumu aliniuliza kama Kitenge amewahi kula kamba au kitambaa. Nikasema sijui.

Jumapili, 20 Julai

Nilishika kabla sijanawa uso. Limejaa vilevile. Mafuta, kukanda. Kanisani sikusikia mahubiri, vidole vyangu vilikuwa vinakanda kitabu cha nyimbo.

Mayai. Nilihesabu siku na nikaogopa. La kwanza lina siku kumi na saba. Baridi ya Julai imeyasaidia, lakini hayatasubiri zaidi. Hata Kitenge akipona leo, hatalalia karibuni, na aliyekonda hivi hana joto la kumpa mtu.

Kuku mweusi wa Baba Swaumu amelalia kiazi kwa siku tatu. Hasogei, anadonoa kila anayepita. Nilikwenda na kikapu changu. Baba Swaumu akatoa kiazi, tukaweka mayai saba chini yake, moja moja. Aliyakubali yote. Nilimuuliza atataka nini. Akasema hataki kitu. Kisha akafikiri: "Labda mmoja, akiwa na miguu ya njano."

Nilirudi na kikapu kitupu na kiazi. Mama alikimenya.

Jumatatu, 21 Julai

Limejaa. Limeanza kunuka, hewa inayotoka mdomoni ni kama togwa lililochacha. Mfupa wa kifua umechongoka kama ukingo wa sahani.

Kutoka shule nilipita duka la dawa za mifugo. Dada anayeuza aliniuliza maswali mengi mazuri: tangu lini, anakunywa, kinyesi rangi gani, asubuhi limejaa au tupu. Niliweza kuyajibu yote kwa sababu nilikuwa na daftari. Akasema hana dawa ya kuniuzia, hili si la dawa. Akampigia bwana mifugo, ambaye atapita kwetu kesho jioni.

Sikusema lolote lingine dukani.

Jumanne, 22 Julai

Bwana mifugo ni mwembamba na anaongea polepole. Alishika gole kwa muda mrefu, macho yameangalia juu. Akasema mafuta na kukanda vilikuwa sahihi, na kwamba kilichomo hakitatoka kwa njia hiyo. Lazima afungue. Akasema anaweza akafa mkononi. Mama akanitazama. Ni kuku wangu, au karibu wangu. Nikasema afungue.

Jua lilikuwa bado lipo. Maji yaliyochemka, sabuni, wembe mpya. Mimi nilishika miguu na mabawa na kumfunika kichwa kwa kanga. Baba Swaumu alikuja kusimama pembeni, hakuitwa. Bwana mifugo alinyonyoa manyoya kidogo, akamchoma sindano ya ganzi, akapaka dawa, akachana. Upana wa kidole gumba changu. Kitenge alijikaza mara moja tu, kisha nikasikia moyo wake kwenye viganja vyangu, ukienda mbio.

Kwanza zilitoka punje za mahindi, zimevimba, zinanuka. Nilijua ni zangu. Punje ishirini.

Halafu akaingiza koleo na kuvuta. Uzi. Mweupe na wa bluu. Akavuta, akavuta, ukaendelea kuja, umesokotana na majani na pumba kama kiota. Aliuweka kwenye sahani. Ukaijaza.

"Hiki nini?" akauliza.

"Uzi wa viroba," alisema Mama, kwa sauti ndogo.

Wote tukatazama ua wetu. Uko kila mahali. Kwenye vumbi, kwenye uzio wa michongoma, kwenye kamba ya nguo. Bwana mifugo akasema kila nyumba ya Tunduma anayoingia anaukuta, na huyu ni kuku wa tatu mwaka huu.

Hakuna aliyenitazama mimi.

Alishona mara mbili, gole kwanza, kisha ngozi. Baba Swaumu akainama kuangalia. "Karibu karibu, daktari, lisivuje." Bwana mifugo akasema, "Njoo ushone wewe, fundi." Hata Mama alicheka.

Aliuliza alishapewa dawa gani. Mama alitaja yote. Bwana mifugo hakumgombeza, alisema tu kwamba dawa ya mtu ni ya mtu, na pilipili haijawahi kumponya kuku, inampa kiu. Siku hizi za mwanzo apewe uji mwembamba, kidogo, mara nyingi. Jeraha likae kavu. Asiguse punje kwa wiki mbili. Nilimuuliza kama atataga tena. Akasema anaweza, na anaweza asitage. Mwili wake umechoka. Tungoje.

Yu hai. Amelala. Nami nalala.

Jumatano, 23 Julai

Niliahidi kuandika yote na sikuandika yote.

Tarehe 13 niliandika kwamba Alhamisi Kitenge alikuwa anacheza uani. Hakuwa anacheza peke yake. Nilikuwa namfungulia Mama viroba. Mdomo wa kiroba umeshonwa kwa mshono wa mnyororo, na ukikata mahali sahihi kisha ukavuta, uzi wote unatoka kwa mkupuo mmoja, bila kukatika, trrrr. Mimi ni bingwa wa jambo hilo. Mama hawezi kunishinda. Siku hiyo nilifungua viroba kumi na nane bila kukosea hata kimoja, na nyuzi nilizitupa mgongoni kwangu kama kawaida.

Kitenge akaja. Nilichukua uzi mmoja nikauburuza chini, na yeye akadhani ni mnyoo. Akaukimbilia. Nikaburuza tena. Akaudaka, akaumeza, ukaingia wote kama tambi. Nilicheka. Nikampa mwingine. Sijui nilimpa nyuzi ngapi. Zaidi ya mbili.

Sikuandika kwa sababu siku ile sikufikiri una maana. Huo ni ukweli wa tarehe 13. Lakini Jumamosi Baba Swaumu aliponiuliza kuhusu kamba nilijua, na nikasema sijui. Huo si ukweli.

Nimemwambia Mama leo jioni tukichambua maharage. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mimi nimetupa uzi ua huu tangu hujazaliwa." Akaingia ndani, akatoka na kopo kubwa la maziwa ya unga, akaliweka katikati yetu. Kila uzi humo. Wa kwake na wa kwangu.

Nilidhani ningejisikia vizuri baada ya kusema. Bado. Labda kesho.

Alhamisi, 24 Julai

Uji, vijiko sita. Asubuhi gole lilikuwa tupu. Niliandika "tupu" mara tatu kwenye karatasi ya mazoezi ya Hisabati kabla ya kugundua.

Nilimwambia na Baba Swaumu kuhusu ule uzi. Akasema, "Nilijua." Akaendelea kushona.

Jumapili, 27 Julai

Jeraha kavu. Kinyesi cha kweli, kina umbo, kina weupe juu. Mama aliniita nije nione. Nani angedhani familia yetu ingesimama kukitazama kinyesi cha kuku na kufurahi.

Jumatatu, 28 Julai

Baada ya magharibi Baba Swaumu alimsogeza kuku wake mweusi, akadonolewa, tukamulika mayai kwa tochi ya simu. Matano yana mishipa myekundu kama mizizi, na doa jeusi linalocheza. Mawili ni maji tu. Nafikiri ni yale ya kwanza, yaliyokaa sana.

Matano.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimezifagia nyuzi ua mzima, na nje ya lango mpaka kwenye kibanda cha maturubai. Kopo limejaa mara mbili. Baba Swaumu amechukua nyuzi ndefu, anasema zinafaa kufungia. Shangazi amepiga simu kuuliza mgonjwa wa wodini anaendeleaje.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hatukwenda shule. Leo nimemwachia Kitenge atoke na wenzake. Tetea mkubwa wa Mama alimfukuza kidogo, akarudi, akasimama mahali pake. Anakula chenga za mahindi zilizolowekwa. Hajataga. Upanga wake wa kichwani, uliokuwa umepauka, umeanza kuwa mwekundu.

Alidonoa kamba ya kiatu changu. Nimevua viatu. Uani navaa kandambili.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi kabla ya kanisa Baba Swaumu aligonga ukuta. Nilikwenda bila kandambili.

Wanne. Yai la tano lilitobolewa kidogo, likanyamaza, halikuendelea. Wanne wamekauka tayari, wanachungulia chini ya bawa jeusi. Mmoja ana madoa matatu mgongoni, kahawia, jeusi na jeupe. Mwingine ana miguu ya njano kabisa. Baba Swaumu alijifanya hajaona.

Mchana nilimpakata Kitenge karibu na ukuta. Sauti zao zilikuwa zinasikika. Alielekeza kichwa mara moja, kisha akaendelea kudonoa kifungo changu. Sijui nilitegemea nini. Yeye hawajui. Nilikuwa na huzuni kidogo, halafu nikashika gole lake, kwa mazoea. Lilikuwa na chakula, laini, kama mfuko wa unga. Nikabaki nimeshika.

Nimeamua kumwandikia Bibi. Kwenye simu hasikii vizuri, lakini barua Mjomba anamsomea mara tatu, na yeye anaikunja na kuiweka. Kesho alfajiri nitampa konda wa gari la Itumba. Hugeuza jioni ileile. Nimeinakili hapa, kwa sababu ya ahadi.

"Bibi yangu mpendwa, shikamoo. Sisi wazima. Baba bado safarini. Nakuandikia habari za Kitenge, na nitakuambia yote.

Aliugua, na aliugua kwa mkono wangu. Nilimchezea kwa uzi wa kiroba, akaumeza. Nilimtazama siku sita bila kumshika, na nikamlisha mahindi juu ya kilichoziba. Baba Swaumu ndiye aliyejua, na bwana mifugo ndiye aliyetoa. Sasa anakula. Ana kovu kifuani, manyoya yanaanza kulifunika. Bwana mifugo anasema huenda akataga tena na huenda asitage.

Mayai yake niliyaweka kwa kuku wa Baba Swaumu. Leo wametoka vifaranga wanne. Mmoja, kama nimeona sawa, tutamwachia Baba Swaumu. Kati ya watatu waliobaki kuna mwenye madoa kama ya Kitenge. Bado hatujui kama ni tetea au jogoo. Namwombea awe tetea.

Bibi, mayai ni ya Kitenge lakini joto ni la kuku mwingine. Kama sheria inataka alalie mwenyewe, nitangoja hata kama ni mwaka, na sitamchinja. Mama anasema nikuulize wewe, kwa sababu yeye hajawahi kuona jambo hili. Tafadhali mwambie Mjomba anijibu kwa gari hilohilo linalogeuza jioni, nitakuwa nimesimama stendi.

Nikikuletea tetea huyo Desemba, utahesabu kwamba Kitenge amerudisha?"